Buriani, Mwalimu Mwenye Siku Mbili za Kuzaliwa

Kolkata, 31 Januari 1994. Leo Mwalimu Bhabatosh Guha Thakurta anastaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja katika idara yetu ya fasihi, na arobaini na minne tangu yeye, kama mimi ninayeandika, aiage Barisal, ambako leo ni Bangladesh, na kuvuka mpaka na sanduku moja la bati.

Alifundisha riwaya za India zilizoandikwa baada ya Mwingereza kufungasha virago: zile ambamo kijana hurudi kutoka London, hukaa barazani kwa baba yake, asijue yeye mwenyewe ni nani. Swali lake la mtihani halikubadilika kamwe: "Shujaa huyu ni nani? Jadili." Mwanafunzi mmoja alijibu, "Mwalimu, hata wewe humjui, ndiyo maana unatuuliza kila mwaka." Alimpa alama sitini na kumnunulia chai.

Wachache wanajua kwamba tarehe inayomstaafisha si yake. Alizaliwa Julai 1936, maji ya mvua yakiwa yamefika ngazi ya tatu ya nyumba yao. Alipopelekwa shule alionekana mdogo mno kwa darasa lenye nafasi, basi mwalimu mkuu akamzaa upya katika daftari la shule: 15 Januari 1934. Kila Januari tulimletea boksi la vitamutamu, naye akala kwa adabu, "kwa niaba ya yule bwana." Wali wa maziwa wa siku yake ya kweli alipikiwa Julai na mkewe, Shemeji Nilima.

Mwaka jana mkuu wa chuo alimwambia, "Kaka Bhabatosh, lete ile karatasi ya mnajimu ya kuzaliwa kwako, tukuongezee miaka miwili." Aliitamani mno miaka hiyo, kwani bila darasa hajui asubuhi aelekee wapi. Karatasi ilibaki Barisal kwa jirani. Akatafuta pasi, ikatoka na tarehe ya shule, akapanda treni hadi mpakani, akapewa fomu. Kwa furaha ya kwenda kwao, akaandika Julai 1936.

Afisa akalinganisha na pasi. "Mzee, wewe ni huyu wa kwenye fomu au huyu wa kwenye pasi?"

"Ndilo swali langu la mtihani."

"Basi umefeli. Rudi ulikotoka."

Alifika nyumbani kabla ya chai ya jioni. "Miaka thelathini unawaambia watoto wa watu wajitafute," Shemeji akamtania, "wewe mwenyewe umeishia dirishani kwa afisa!" Tulimsihi ajaribu tena. Akasema jirani ameandika kwamba nyumba ilikwishavunjwa, na zile ngazi zimechukuliwa na mto; karatasi peke yake haimwambii kitu ambacho wali wa maziwa haumwambii.

Mwalimu, tunakushukuru. Anayestaafu leo ni yule bwana wa Januari. Wewe wa Julai, kiti chako kimo katika chumba cha walimu. Njoo na Shemeji, na sufuria. Asubuhi zako ziwe ndefu, na chai yako isipoe.

Kuhusu Barisal, ameomba niandike wazi, watu waache kumuuliza: hatarudi.