Mkwe Aliyekula Firigisi

Evalyne alikuwa na earphones masikioni, ila simu yake haikuwa ikicheza wimbo wowote. Angesikiaje umbea na muziki kwa pamoja? Tangu basi litoke Kitengela, Mzee Nalianya wa kiti cha mbele alikuwa akimweleza jirani yake, mwalimu Nzembi, kwamba anaenda Kajiado kuvunja uchumba wa bintiye Lorine.

"Ameng'ang'ania Mkamba, madam. Huyo mtoto amerogwa."

"Hata mimi ni Mkamba, mzee, na dawa pekee niko nayo hapa ni ya kikohozi."

Evalyne akauma shali yake asicheke. Mwalimu akasema wanafunzi wake wanaigiza mchezo wa kale, ambamo jemadari mweusi anaoa binti Mzungu na baba mtu analia uchawi. "Karne zimepita, na bado hamjapata kisingizio kipya!"

"Lakini mimi nilichezewa! Kijana alikuja kwangu akiongea Kibukusu kunishinda. Nikajua ni wetu, nikampa firigisi ya kuku."

"Ile mnapatia mkwe mliyemkubali? Kwa mkono wako?"

"Na akaimaliza!"

"Sasa nani alimroga mwenzake?"

Basi lilipokaribia Kajiado, mzee alimgeukia mwalimu. "Huyo baba wa mchezo aliishia wapi?"

"Alikufa kwa uchungu, na yeye na bintiye hawakupatana tena."

Basi likasimama. Chini, kijana Mbaluka, mchumba wa Lorine, alinyoosha mikono apokee mkoba wa mzee, akamsalimu kwa Kibukusu. "Mulembe, papa."

Mzee alibaki mlangoni ameukumbatia, hampi, hamnyimi, huku kondakta akigonga bodi ashuke.