Hajra Jumaa, Aliyemnyang'anya Mumewe Ufunguo wa Lori

Assalaam alaykum. Mashehe, wazee wetu, mashemeji zetu mliotoka Likunja, majirani wa Chiola na wafanyakazi wenza wa marehemu, mimi ni Jamali Jumaa, mdogo wake wa kiume, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya dada yetu Hajra Jumaa Ismaily kama alivyoyaishi, bila kupunguza hata pale ambapo wapo waliotuomba tupunguze.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Mei 1983 hapa Chiola, mtoto wa pili wa mzee Jumaa Ismaily na mama yetu Ashura, wakulima wa korosho na ufuta, akasoma shule ya msingi hapahapa kuanzia 1991 hadi 1997, kisha sekondari mjini Nachingwea hadi 2001, na mwaka 2003 akaenda Mtwara kusomea ufundi wa magari na udereva, wakati nusu ya ukoo huu ikisema hakuna mwanaume atakayeoa mwanamke mwenye grisi kwenye kucha. Walikosea, kwa sababu tarehe 22 Agosti 2009 aliolewa na shemeji yetu Yunusi Bakari, dereva mwenzake katika kampuni ya kununua korosho iliyomwajiri tangu 2005, na Mungu akawajalia watoto watatu, Sabaha, Zuleha na Ismaily, ambao wamekaa hapa mbele yenu.

Mwaka 2014 alipandishwa cheo akawa msimamizi wa magari, akaagiza kila gari likaguliwe kabla ya kutoka, mkanda afunge dereva na afunge bosi, simu isipokelewe gari likitembea, dereva aliyechoka asipewe gari, na mtu asipakiwe juu ya mzigo hata kama ni kibarua aliyeomba lifti mwenyewe. Walimwita mkorofi, na sisi tunasema ndiyo, alikuwa mkorofi.

Sasa nafika pale tulipoombwa tupapite kimyakimya. Tarehe 14 Novemba 2019, msimu umepamba moto, lori liliingia ghalani Nachingwea likiwa na vibarua juu ya magunia, mmoja wao mama aliyepakata mtoto, na dereva ana simu sikioni, na dereva huyo alikuwa Yunusi. Dada aliwateremsha wote, akachomoa ufunguo mbele ya watu, na meneja alipomwambia, "Hajra, huyu ni mumeo, hayo mtayamaliza nyumbani," alimjibu, "Nyumbani ni mume wangu. Hapa ni dereva, na leo haendeshi tena."

Meneja alitaka mizigo iendelee kuingia, kwa hiyo akamhamishia dada Ruangwa kama adhabu, na ukweni Likunja kikaitishwa kikao cha kumtaka Yunusi amwache mke aliyemdhalilisha. Mlikuwepo, mashemeji, na mnakumbuka Yunusi alivyosimama akasema, "Yule mtoto nilimwona kwenye kioo, nikaendelea kuongea na simu. Hajra hakunidhalilisha, nilijidhalilisha mwenyewe," kisha akapanda basi kumfuata mkewe Ruangwa. Huko nako, mwezi wake wa pili tu, dada alikuta pikapu ya ofisi ina breki mbovu, akaizuia isitoke, wakubwa wakaenda Mbwemkuru kwa bodaboda huku wakimtukana, na alipoambiwa aombe radhi ili arudishwe Nachingwea, alikataa. Hakuomba radhi mpaka anakufa, na sisi hatuiombi kwa niaba yake.

Mwezi Machi 2024 aligundulika kuwa na saratani ya kizazi, akatibiwa Lindi na baadaye Dar es Salaam, akipata nafuu na kuzidiwa tena, hadi alfajiri ya tarehe 9 Juni 2025 alipofariki dunia hukohuko Dar es Salaam mikononi mwa mumewe, baada ya kumwusia, "Mkinirudisha, msinikimbize. Mimi sitakuwa na haraka."

Tunajua wengi hapa mmekasirika kwamba kaburi lilichimbwa jana na maiti imefika leo, kwamba mlipiga simu na Yunusi, aliyekuwa akiendesha gari lililomleta marehemu, hakupokea, kwamba alipofika Nangurukuru akiwa amechoka alipaki gari akalala, na kwamba pale Nachingwea aliwakatalia ndugu waliotaka kuning'inia nyuma ya gari. Shehe ametuambia kuharakisha maziko ni jambo jema, nasi tunalikubali, lakini kuharakisha si kuua walio hai, na mwenye lawama aje kwetu, asimguse Yunusi, kwa kuwa alikuwa dereva wa Hajra na alimtii.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Lindi na Dar es Salaam waliompunguzia maumivu, majirani mliolala msibani siku mbili badala ya moja, bila kusahau akina mama mliopika mara mbili, na madereva wa Nachingwea na Ruangwa, ambao leo asubuhi nimewaona mkifunga mikanda kwa safari ya kutoka msikitini hadi hapa tu.

Dada, umefika, na waliokuleta wote wamefika wazima. Pumzika sasa kwa amani.