Visu Kumi na Vinne vya Ludvik Kurinčič

Waombolezaji wapendwa, mimi Danila, mdogo wa marehemu, nasimama kwa niaba ya familia, na kwa agizo lake mwenyewe sitaficha neno.

Ndugu yetu Ludvik alizaliwa tarehe 11 Novemba 1948 hapa Drežnica, mtoto wa kwanza wa Anton na Pavla, akabatizwa siku ya saba, akasoma Kobarid hadi mwaka 1963, kisha akajifunza uhunzi Tolmin, alikofanya kazi hadi kustaafu. Tarehe 4 Mei 1974 alifunga ndoa na Zalka, Mungu akawajalia mabinti wawili, Neva na Irma.

Kati ya 1970 na 1972, kabla Bwana hajamgeuza moyo, alifua visu kumi na vinne kutokana na vigingi vya seng'enge vilivyobaki mlimani, akavifukia kwenye samadi vishike kutu, akaviuza kama vya askari wa mahandaki ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Alipotubu alifanya kama Zakayo aliyerudisha alichodhulumu, akavifuata kimoja kimoja hadi Udine na Graz, akavigonga chapa ya L ya jina lake, ijulikane ni kazi ya mkono wake, na tangu hapo bonde zima lilimletea visu avipime, maana alijua kwamba askari handakini alipiga tupa pale tu panapokata na pale mkono unaposhika, bali mwongo hulainisha kila mahali. Hakumpendelea mtu: "Mzee, hiki umekizidi umri," alisema, kisha akammiminia mvinyo.

Alivifikia na kuvigonga chapa kumi na vitatu. Cha kumi na nne kilitundikwa chini ya msalaba nyumbani kwetu, kwa kuwa baba, ambaye hakuwahi kumwona baba yake aliyefia vita hivyo, alipokiona alimuuliza, "Ni cha baba kweli?" naye akajibu, "Ndicho." Baba alikishika kila Jumapili akisali, hadi alipofariki mwaka 1998, na kila Krismasi Ludvik aliketi amekipa kisogo, sisi tukidhani anamwachia baba nafasi ya kukitazama, kwa heshima.

Januari 2024 ugonjwa wa mapafu ulimzidi. Tarehe 9 Februari, hospitalini, aliniambia, "Danila, kile cha baba nilikifua mimi. Waambie watu."

"Utamuua baba mara ya pili, kaka."

"Baba yuko kwenye kweli sasa. Waliobaki gizani ni ninyi."

Alifariki tarehe 12 Februari, alfajiri.

Jana nilikishusha. Kimelainishwa kila mahali, ila ubavuni pana shimo dogo lililochimbwa na kidole gumba cha baba, na hilo halikughushiwa. Nimekigonga chapa kwa nyundo ya Ludvik, kando ya shimo hilo, si juu yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotulishia ng'ombe, na wahunzi wenzake waliombeba leo.

Kaka, vimetimia kumi na vinne. Pumzika kwa amani.