Marcella Njoka, Aliyeandikia Nyumba Mbili

Wapendwa waombolezaji, mimi ni Wawira, mke wa Antony, mtoto wa kwanza wa marehemu, na mengi nitakayosoma nilisimuliwa kwanza na baba mkwe wangu, Mzee Njoka, kwa kuwa marehemu hakuwa mtu wa kujisifu.

Mama Marcella alizaliwa tarehe 12 Machi 1941 kijijini Mwika, Moshi, nchi ya Tanzania, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nane, kisha akafundishwa ushonaji na masista. Mwaka 1963 Baba alipelekwa Moshi na chama cha ushirika kujifunza mambo ya kahawa, wakaonana, na aliporudi hapa Manyatta waliandikiana barua miaka miwili, Baba akijikaza kwa Kiswahili kilichomtoa jasho, mpaka wakafunga ndoa tarehe 7 Agosti 1965, wakajaliwa Antony, Teresia na Nthiga. Kuanzia 1970 hadi 1988 Mama alishona nguo Gakoromone, Meru, na akina mama wenye waume au watoto mbali walimwachia kitambaa pamoja na barua ya kujibiwa.

Februari 1995 alipatwa na kiharusi, mkono wa kulia ukakataa kalamu, akamwomba Antony, ambaye ni karani mjini Meru, awajulishe wa Mwika. Antony aliandika kama wanavyoandika ofisini, mistari mitatu, Mama ni mgonjwa, hawezi kuandika, mtajulishwa zaidi. Kwao Mwika barua humsalimu kila mtu kwa jina kabla ya habari, na isiyo na salamu ni ya msiba tu, kwa hivyo dada yake, Mama Mdogo Manka, alifika langoni akilia, na blanketi za matanga begani, akamkuta marehemu akichambua maharagwe kwa mkono wa kushoto. Mama alicheka mpaka akakohoa, akasema, "Antony, umenizika bila hata jeneza!" Naye Manka, machozi hayajakauka, akajibu, "Basi tupikie hayo maharagwe, marehemu."

Tangu hapo aliniita mimi, akitaja nami nikiandika huku nikinyonyesha, na nikiruka jina la mtu alinirudisha. Mimi huona haya mbele za watu, lakini kwa kalamu alinikalisha na ukoo mzima nisioujua. Siku hizi tunapiga simu ya kibanda, sarafu ikiisha maneno yanakatika, na shangazi hajasalimiwa. Aliogopa jambo moja, kwamba siku ya kweli wa kwao watadhani ni kosa lingine, naye azikwe hawapo.

Alilazwa Embu mwezi wa Mei, akatuacha Jumatatu jioni, tarehe 16 Juni 1997. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Manyatta, mafundi wenzake wa Gakoromone na wanajumuiya waliokesha nasi.

Jioni hiyo Antony alitaka kutuma telegramu, Baba akakataa, akasema Manka ataicheka. Asubuhi yake nilimfunga mtoto mgongoni, mimi ambaye sikuwa nimefika hata Nairobi, nikavuka mpaka hadi Mwika, nikamwambia Manka kwa mdomo wangu. Ndiye yule aliyeketi karibu na jeneza. Mama, wa kwenu wamefika, sasa pumzika.