Mama Hatua na Kitabu Kilichokataa Kwisha

Dada yetu tuliyemzoea kwa jina la Mama Hatua alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, katika nyumba iliyo nyuma ya stesheni, kitinda mimba wa mama mshonaji na baba mpiga chapa. Garimoshi lilikuwa linapita, kilio chake cha kwanza hakuna aliyekisikia. Mama alikuwa akisema ndiyo maana akakua mtu wa kalamu.

Alianza shule mwaka 1958, akamaliza sekondari 1970. Hesabu zilikaa kichwani mwake kama nyimbo zinavyokaa kwa wengine. Akapelekwa ng'ambo kusoma, akarudi 1976 na shahada, na viatu vilevile alivyoondoka navyo.

Alifanya kazi chumba cha kompyuta cha chuo kikuu, wakati ule mashine ikiwa kubwa kama kabati la nguo na watu wakivaa masweta mchana kweupe kwa baridi ya kuipoza. Humo alimpata shemeji yetu, fundi wa mitambo ya baridi, aliyeitwa kuzibua bomba, akaendelea kuja hata siku ambazo hakuna kilichoharibika. Walioana tarehe 4 Agosti 1979.

Siku moja nyumbani dada alimtuma mumewe. "Fundi, nitafutie ufunguo wa ofisi. Anza sebuleni, pita kila chumba. Ukifika jikoni hujauona, rudi sebuleni uanze tena."

Fundi alizunguka mchana kutwa. Ufunguo ulikuwa mkobani mwa mwenyewe.

"We Fundi! Mbona hukuacha?"

"Hukuniambia pa kuachia, mke wangu."

Alicheka hadi akakaa sakafuni. Kisha akaomba karatasi, akaanza kuandika. Hapo ndipo kilipoanzia kitabu chake cha kwanza cha algoriti, yaani hatua ambazo mashine hufuata ili itimize kazi. Na sharti lake la kwanza ni kusema pa kuachia. Kilitoka 1983, cha pili 1990, cha tatu 1998. Waliosoma vyuo vya mbali wamepita humo, na wengine wamekuja leo na nakala zilizochakaa.

Cha nne kilitushinda sote. Kila kilipokaribia kwisha, alisikia kuna njia mpya, akabomoa sura nzima. Mwaka 2021 figo zikagoma. Akawa anaandika huku mashine ikimsafisha damu. Mabinti zake walimsihi apumzike, wapi. Fundi alivimba miguu kwa viti vya hospitali. Tusifichane, ndugu zangu, tumechoka. Daktari aliposema hana tena la kuongeza, mgonjwa alisema yeye bado ana sura mbili.

Ndipo Fundi akamshika mkono wenye kalamu.

"Mama Hatua, mbona huachi?"

"Nani kaniambia pa kuachia?"

"Mimi. Acha hapa."

Alimtazama sana. "Umechelewa kusema, Fundi," akajibu, na kicheko kidogo kikamtoka. Akapiga mstari chini ya sura ya saba, akamkabidhi binti mkubwa zile karatasi azipeleke kiwanda cha uchapaji. Hakuziulizia tena. Alifariki tarehe 21 Februari 2024, alasiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa Fundi, bila kalamu.

Ameacha mume, mabinti wawili, wakwe, wajukuu watano, na kaka mzee anayewasomea haya. Kitabu cha nne kinachapwa, pungufu ya sura mbili. Atakayeziweza aziandike, mwenyewe aliruhusu.

Dada yetu, hapa ndipo pa kuachia. Pumzika kwa amani.