Vitambaa Kumi na Kimoja

Fundi: Haloo, fundi cherehani hapa! Nani mwenzangu?

Chapuchapu: Shikamoo, Fundi.

Fundi: Marahaba. Nani? Namba ngeni hii.

Chapuchapu: Ni mimi.

Fundi: Mimi nani? Hata mwizi akiulizwa gizani husema ni mimi.

Chapuchapu: Mimi... Chapuchapu. Yule msichana wa Jumamosi. Haloo? Fundi, upo?

Fundi: Nipo. Ndivyo nilivyobaki, nipo tu. Hiyo simu ya nani?

Chapuchapu: Ya jirani, mama wa chumba cha pili. Ya kwetu nimekupigia mara tisa.

Fundi: Na mara zote tisa nimeitazama ikilia.

Chapuchapu: Naomba usikate. Salio lenyewe dogo, na mwenye simu amesimama hapo mlangoni ananikodolea macho.

Fundi: Haya, sema. Ila kama ni msamaha, samahani haishoni nguo.

Chapuchapu: Nilidhani chaki imeshamaliza kazi, imebaki uchafu.

Fundi: Uchafu! Chaki ya fundi, uchafu! Nimetoka robo saa, robo saa tu, kufuata uzi. Narudi nakuta vitambaa vyangu kumi na kimoja, sare za wahudumu wa hoteli mpya, rangi ya damu ya mzee, vimekunjwa vizuuri, vinang'aa, alama hata moja hakuna! Mabega hakuna, mikono hakuna, viuno hakuna! Na binti kasimama katikati ya duka anatabasamu, anangoja kusifiwa!

Chapuchapu: Nilikuwa nangoja kweli.

Fundi: Najua! Ndicho kilichoniuma! Nilitaka kukuchapa kwa rula, nikaona meno yote nje, mkono ukaniishia nguvu.

Chapuchapu: Ulinitupia mkebe wa vifungo.

Fundi: Niliutupa ukutani. Wewe ndiye uliyesimama karibu na ukuta.

Chapuchapu: (anacheka kidogo, anaacha) Marehemu mama alikuwa dobi, Fundi. Alikuwa akisema nguo ya mtu haitoki mkononi mwako na doa. Mimi nimekua nikifuta. Nikiona cheupe juu ya chekundu, mkono unakwenda wenyewe. Nikachukua kitambaa chenye maji kidogo, halafu brashi, halafu—

Fundi: Halafu pasi.

Chapuchapu: Halafu pasi.

Fundi: Mungu wangu wee. Nimemchukua mtoto wa dobi nikamwingiza kwenye duka la chaki. Anayestahili rula ni mimi.

Chapuchapu: Sikujua kwamba hukuandika pengine popote.

Fundi: Niandike wapi? Miaka ishirini na sita napima mtu, nachora palepale kwenye kitambaa chake, namwekea alama yake, jioni nakata. Daftari langu ni kitambaa. Wenye madaftari ndio hao wanaokosea mikono ya watu. Nilikuwa najisifia hivyo, unajua? Kwa kila mteja.

Chapuchapu: Uliniambia na mimi.

Fundi: Nilikwambia baada ya kufuta au kabla?

Chapuchapu: Baada.

Fundi: Lo.

(mikwaruzo)

Chapuchapu: Fundi? Unakatika-katika.

Fundi: Nakusikia. Basi binti, yamepita. Nina— nina shughuli hapa.

Chapuchapu: Leo saa kumi mama mdogo anafika.

Fundi: Mama mdogo yupi? Na mimi inanihusu nini?

Chapuchapu: Ndugu wa marehemu mama, anaishi mbali huko, safari ya nusu siku. Ana mapacha wa miezi minne. Baba alinipa sharti. Alisema, ukipata kazi ya Jumamosi ukajinunulia madaftari na kujilipia nauli, unabaki, shule inaendelea. Usipopata, unakwenda kwa mama mdogo kulea mapacha.

Fundi: Na shule?

Chapuchapu: Wanasema tutaangalia.

Fundi: Aa. "Tutaangalia" naijua mimi. Mwenzio niliambiwa hivyo hivyo nikiwa darasa la sita, mpaka leo bado wanaangalia.

Chapuchapu: Nimezunguka tangu likizo ianze, Fundi. Kwenye duka la dawa wakasema wewe mtoto. Kwenye kiwanda cha mkate wakasema wanataka mwanamume wa kubeba magunia. Pale saluni walinifagilisha siku mbili, ya tatu akaja mpwa wa mwenye saluni. Wewe peke yako ndiye uliyeniambia njoo Jumamosi tuone.

Fundi: Tukaona. Aa, ulimi wangu nao. Usinisikilize. Na baba yako amesemaje kuhusu... mambo yale?

Chapuchapu: Hajui. Nimemwambia kazi nimepata.

Fundi: Umemwambia nini?

Chapuchapu: Kwamba umenisifu. Kwamba nina mkono mwepesi, kila Jumamosi nifike saa mbili. Akacheka. Jana akanipa shati lake nimkazie vifungo, akasema nyumba sasa ina fundi wake. Ila mama mdogo hajamzuia, bado anakuja. Eti anakuja kutusalimia tu. Na asubuhi baba kaniambia nioge mapema. Nadhani hana hakika, Fundi. Nadhani anataka kusikia kwa mdomo wako. Fundi?

Fundi: Endelea. Nakusikia.

Chapuchapu: Lakini sikukupigia ili unisemee uongo. Vipimo ninavyo.

Fundi: Unavyo wapi?

Chapuchapu: Kichwani. Si mimi niliyeshika ncha ya tepu? Wewe ukiimba namba, mimi nimeshika.

Fundi: Watu kumi na mmoja, wewe! Namba sita sita kila mtu!

Chapuchapu: Wa kwanza yule mrefu mwenye kikohozi. Ulimchorea samaki. Kifua thelathini na nane, bega kumi na nane, mkono ishirini na tano. Ukasema huyu mikono kaazima kwa twiga.

Fundi: ...Nilisema hivyo.

Chapuchapu: Wa pili, nyota. Mnene. Kiuno arobaini na moja.

Fundi: Arobaini. Yule namkumbuka, arobaini kamili.

Chapuchapu: Arobaini alipovuta tumbo ndani. Ukamwambia, pumua bwana, hiyo nguo utailia wali. Akapumua ikawa arobaini na moja. Ulichora arobaini na moja.

Fundi: Ngoja. Ngoja hapo hapo, nichukue chaki.

Chapuchapu: Ndiyo!

Fundi: Haya, shuka naye huyo. Urefu?

Chapuchapu: Ishirini na tisa. Mkono ishirini na tatu na nusu. Wa tatu ni yule dada wa mapokezi, ulimchorea jicho. Bega lake la kushoto limeshuka, ukasema utatia pamba.

Fundi: Nusu inchi.

Chapuchapu: Robo tatu.

Fundi: Robo tatu! Alaa! Robo tatu, kweli kabisa. Endelea, usipumzike, salio litaisha!

Chapuchapu: Wa nne—

(mikwaruzo, namba zinakuja na kukatika, chaki inagonga mbao)

Fundi: —thelathini na sita, haya. Wa kumi?

Chapuchapu: Ufunguo. Ndiye yule uliyempima mara mbili maana alikuwa anacheka akiguswa kwapa. Kifua arobaini. Na wa kumi na moja ni yule mfupi, mwezi, kifua thelathini na nne, mkono ishirini na moja. Ndio hao. Basi.

Fundi: (anaweka chaki chini)

Chapuchapu: Nimekosea wapi?

Fundi: Hukukosea. Kila namba uliyoitaja nimeikumbuka.

Chapuchapu: Hata mmoja?

Fundi: Hata mmoja.

Chapuchapu: Basi Fundi! Si unakata leo? Ufunguzi si keshokutwa? Nakuja sasa hivi, nakimbia, natia vifungo, napiga pindo, hata nikikesha, we kata tu mimi—

Fundi: Binti.

Chapuchapu: —na chaki siigusi, naapa, hata ikinidondokea mguuni—

Fundi: Binti, nisikilize. Vitambaa havipo.

(mikwaruzo)

Chapuchapu: Haloo? Sikusikia.

Fundi: Umesikia. Msimamizi wa hoteli alipita leo asubuhi, akakuta sijakata hata kimoja. Nikamwomba awalete watu niwapime tena, akaniuliza kama mimi ni fundi au ni mganga. Amebeba vyote kavuka navyo barabara, kwa wale wenye mashine za umeme. Hapa nilipo nawaona wahudumu. Wamepanga foleni nje, wanapimwa upya. Huyo mrefu wako namsikia anavyokohoa.

Chapuchapu: Lakini nimesikia chaki.

Fundi: Ndiyo.

Chapuchapu: Ulikuwa unaandika.

Fundi: Mezani. Kwenye mbao tupu.

Chapuchapu: Kwa nini ukaniacha niseme wote kumi na mmoja, Fundi?

Fundi: Nilitaka ukosee. Nikukute na kosa kwa huyu, kosa kwa yule, niseme si kitu, msichana mwenyewe kichwa maji, nisingepata kitu kwake. Ningelala. Sasa nitalalaje? Na kwa nini hukusema Jumamosi ile ile? Siku ile vilikuwa bado hapa mezani! Ningekata usiku kucha, asubuhi ya leo angekuta nusu ziko tayari!

Chapuchapu: Ulikuwa unapiga kelele, nikakimbia. Nimefika njiani, kichwa kimetulia, nikaanza kuwakumbuka mmoja mmoja. Nikakupigia. Jumamosi ile ile, jioni. Na Jumapili.

Fundi: Mara tisa.

Chapuchapu: Mara tisa. Fundi, mimi sikulaumu.

Fundi: Nilaumu! Nilaumu angalau! Mtu mzima mwenye mvi, nimekaa na simu mkononi nasema moyoni, lia wee, lia, utachoka. (anapumua) Hasira hasara, tunawaambia watoto.

Chapuchapu: Kwa hiyo Jumamosi nisije.

Fundi: Uje kufanya nini? Kazi ya kukupa sina, mwanangu. Hata ya kujipa mwenyewe sina. Tangu asubuhi nimetia zipu moja.

Chapuchapu: Nakuja bure. Nafagia, natunga uzi kwenye sindano, macho yako si yanasumbua? Bure, Fundi. Mimi nataka baba ajue natoka Jumamosi nakwenda kazini, basi. Huu mwezi mmoja tu, mpaka shule ifunguliwe na niwe nimeshaingia darasani. Nikishaingia hatanitoa.

Fundi: Nauli na madaftari utavitoa wapi?

Chapuchapu: Nitaangalia. Baba yuko uani hapo. Nampelekea simu, sema neno moja, "yupo kwangu", umemaliza. Dhambi nitaibeba mimi.

Fundi: Siwezi.

Chapuchapu: Neno moja!

Fundi: Si kwamba sitaki, nisikilize. Baba yako alikuja hapa.

Chapuchapu: Alikuja lini?

Fundi: Jumamosi, karibu na kufunga. Kavaa shati safi. Akaniamkia kama mteja, akauliza, je, binti yangu amefanyaje leo? Nilikuwa bado nachemka. Nikamwambia yote, mpaka pasi. Nikamwonyesha vitambaa. Nikamwambia... nilimwambia maneno ambayo mzazi hapaswi kuambiwa.

Chapuchapu: Jumamosi.

Fundi: Jumamosi.

Chapuchapu: Lakini Jumamosi usiku nilimwambia umenisifu. Akacheka, Fundi. Akaniuliza uliniweka kwenye mashine gani.

Fundi: Ndiyo.

Chapuchapu: Na shati la jana...

Fundi: Sijui. Labda alitaka ufurahi siku mbili.

Chapuchapu: Bora angenipiga.

Fundi: Usiseme hivyo.

Chapuchapu: Bora angenipiga, Fundi! Mimi nimekaa pale namdanganya, naongeza chumvi, namwambia kuna msichana mwenzangu pale dukani tunacheka naye, na yeye anajua, ananitazama tu, anasema ehee, ikawaje? Nitamtazamaje mimi?

(sauti za watu, mbwa anabweka)

Fundi: Nini hicho?

Chapuchapu: Ndio hao, mama mdogo amefika. Gari ya kukodi imesimama nje.

Fundi: Si ulisema saa kumi?

Chapuchapu: Wamewahi. Na salio linalia— Abee, baba! Naongea na simu!

Fundi: Nenda, usiwangojeshe wageni.

Chapuchapu: Ni Fundi, baba! Fundi wa cherehani! Anasema Jumamosi niwahi, kuna kazi nyingi!

Fundi: Amesemaje?

Chapuchapu: Amesema nivae viatu, gari haingoji.

Fundi: Mwanangu, sikia, mpe hiyo simu baba yako. Mpe, nitasema lolote! Nitamwambia nimekuchukua, nitamwambia— Haloo? Haloo! Binti?