Mama Beatrisi Mweta na Kipenga cha Sekunde Tatu

Marehemu Beatrisi Mweta alizaliwa Kigombe tarehe 12 Machi 1938, binti wa mzee Zakaria Mhando. Alitoka tumboni na kilio kilichofanya samaki wote wahamie Pangani kwa wiki nzima. Mwenye shaka akawaulize samaki.

Alisoma shule ya misheni Muheza, akahitimu ualimu mwaka 1957, akafundisha Chumbageni hadi kustaafu 1993. Wasichana aliwafundisha netiboli. Kipenga hakikumtoka shingoni hata jikoni. Mpira ukikaa mkononi mwa mchezaji zaidi ya sekunde tatu, alipuliza hadi kuku wa mtaa wakasimama.

Mwaka 1960 alifunga ndoa na Bwana Hilari Mweta, fundi wa reli, mpole, aliyejifunza mapema kusema kwa kifupi.

Mwaka 1979 wanachama wa chama cha netiboli cha mkoa walimchagua mwenyekiti wao. Ikaja ile miaka ya foleni za sukari na sabuni. Kamati ikawa inakutana sebuleni kwake, mkutano mkuu ukaahirishwa kila mwaka, eti hakuna mafuta ya gari. Lakini kwa timu ya mkoa ya kwenda mashindanoni Dodoma mafuta yalipatikana, nayo ikajaa mabinti wa wanakamati. Wasichana wa Maramba, waliozifunga timu zote, wakaachwa.

Agosti 1984 hao wa Maramba, na nahodha wao Chiku, wakashuka kwa lori la machungwa hadi barazani kwake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mmefuata nini?"

"Kiti chetu."

"Si nimekikalia, hamwoni?"

"Wala usijisumbue kuinuka."

Wakambeba na kiti chake, yu juu kama bibi harusi, wakamtua uwanjani katikati ya duara. Wanachama wengine wakaja wakajipanga kwenye mistari. Chiku akamvua kipenga, akakipuliza.

"Ulitufundisha wewe, mama. Sekunde tatu, mpe mwenzio. Huu mpira wa chama umeukumbatia mwaka wa tatu sasa bila mkutano."

Marehemu akasema, "Mabinti zetu tulichaguliana wenyewe. Mkutano niliukwepa kwa kuwa nilijua mtauliza hilo. Haya, ulizeni."

Wakamuuliza hadi jua likatua. Akashindwa kwa kura, akachaguliwa Chiku. Marehemu akaomba jambo moja: kila mwaka mwenyekiti aketi ndani ya duara, kipenga kishikwe na wanachama. Ikawa desturi, naye akawa mwanachama wa maswali yaliyomkondesha Chiku.

Shinikizo la damu lilimlaza mwaka jana. Jumanne hii Chiku alikwenda kumjulia hali.

"Kiti umekikalia sana, wewe," marehemu akamwambia. "Mkutano lini?"

"Jumamosi, mama."

"Msiahirishe. Nitakuja."

Alifariki kesho yake, tarehe 4 Juni 1997. Ameacha mume, watoto wawili, Herieti na Stefano, na wajukuu watano. Leo ni Jumamosi. Wanachama wote wapo, na kipenga anacho marehemu, shingoni.

Bwana amlaze kwa amani, na malaika wasikawie na mpira.